MWENGE WA OLIMPIKI ANGANI: JE, MOTO ULIFIKA?

  Mwaka huu wahariri wa jarida letu wameniomba niandike somo, wala si hadithi wala shairi, nami nimekubali kwa moyo mkunjufu. Somo lenyewe limetokana na mjadala uliozuka katika chama chetu Ijumaa moja baada ya masomo. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili alisimama akasema kwamba moto wa Olimpiki umewahi kupelekwa angani. Mwingine wa Kidato cha Tatu akamrukia: "Wacha porojo! Mle ndani moto ungewateketeza wote." Basi pakawa hapakaliki. Wengine walipiga makofi, wengine wakaguna, na kengele ya chakula ikalia kabla hatujapata jibu.

Kuuliza si ujinga. Nimefuatilia jambo hili kwa muda, nikamsumbua mwalimu wetu wa Fizikia hadi akanikimbia mara mbili tatu, na sasa naweza kuwaeleza niliyoyapata. Nitaanza na moto wenyewe, kisha mwenge, halafu njia zilizotumiwa kuupeleka juu. Mwishoni nitapima mawazo yetu wenyewe, hata yale ya ajabu ajabu, na kutoa uamuzi wangu. Mtakaonipinga, ukumbi ni ule ule na Ijumaa haiko mbali.

1. MOTO NI KITU GANI?

Jiwe ni kitu. Ukilichukua Tabaka ukalipeleka Nyamira mjini, jiwe lililofika ni lile lile lililoondoka. Moto si hivyo. Moto ni kazi inayofanyika. Ili kazi hiyo iendelee sharti pawe na mambo matatu: kitu cha kuungua, hewa ya oksijeni, na joto. Ondoa moja tu na kazi inakoma hapo hapo. Ndiyo maana tunafunika sufuria ya mafuta yaliyoshika moto, na ndiyo maana kuni mbichi za mvua hutufukuza jikoni kwa moshi.

Sasa tazama ndimi za mshumaa. Gesi inayoungua ni ile ile kwa muda mfupi mno, kisha inapanda na kutoweka, na nyingine inachukua nafasi yake. Mwali unaouona sasa sio uliouona nukta moja iliyopita. Kwa hiyo tunaposema kwamba tumeubeba moto kutoka hapa hadi pale, kwa kweli tumebeba kazi ambayo haikukatika njiani.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kuingia maabara. Nyanya yangu hunisimulia kwamba zamani, kiberiti kilipokuwa adimu, mtu alikwenda kuomba moto kwa jirani. Alikwenda na kigae cha chungu kilichovunjika, akatiliwa kaa moja au mawili, akayafunika kwa jivu kidogo, akarudi mbio kabla hayajazima. Shikeni hapo pa kigae. Tutahitaji kukirudia.

2. MWENGE NA WAKIMBIAJI WETU

Moto wa Olimpiki wa siku hizi uliwaka kwa mara ya kwanza uwanjani Amsterdam mwaka 1928. Mbio za kuupokezana kutoka Olympia, Ugiriki, zilianza mwaka 1936, Michezo ilipofanyika Berlin. Kule Olympia hawatumii kiberiti. Hutumia kioo chenye umbo la bakuli kinachokusanya miale ya jua mahali pamoja hadi mwenge ushike moto. Mwali mwingine huhifadhiwa ndani ya taa zilizofungwa vizuri, ili mwenge ukizimika njiani uwashwe tena kutoka kwa mwali uleule wa asili.

Mnaweza kuuliza, haya yanatuhusu nini sisi wa Kisii na Nyamira? Yanatuhusu sana. Nyandika Maiyoro, mwana wa Kisii, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kukimbia chini ya moto huo, Melbourne mwaka 1956. Alimaliza wa saba katika mita 5,000, na mwaka 1960 huko Rome akamaliza wa sita. Arere Anentia naye alileta nishani ya shaba ya maili sita kutoka Cardiff mwaka 1958 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kisha Naftali Temu, mtu wa Nyamira, akashinda mita 10,000 Mexico City mwezi wa Oktoba 1968. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki.

Mexico City iko kama mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Wakimbiaji wengi kutoka nchi za chini walihema kama mvukuto. Kwa nini? Kwa sababu mwili wa mkimbiaji nao unaunguza chakula kwa oksijeni, polepole, bila ndimi. Temu alikuwa amezoea milima yetu. Mkimbiaji na mwenge wanavuta hewa ile ile, na hewa ikipungua wote wawili wanataabika. Mkishalielewa hilo, mmekwisha kuelewa nusu ya tatizo la anga za juu, ambako hewa haipo kabisa.

3. NJIA YA KWANZA: KUTUMA HABARI ZA MOTO (1976)

Jaribio la kwanza halikutumia roketi ya kubeba mwenge. Mwaka 1976 Michezo ilikuwa Montreal, Kanada. Moto ulikimbizwa kutoka Olympia hadi Athens kama kawaida. Pale Athens chombo maalumu kiliuhisi mwali, yaani kilinasa chembe zenye umeme zilizomo ndani yake, na chembe hizo zikageuzwa kuwa ishara za redio. Ishara zikarushwa hadi kwenye setilaiti, na setilaiti ikazirudisha duniani, Ottawa. Huko Ottawa ziliamsha mwanga mkali wa leza, na leza ikawasha mwenge mpya.

Hebu tupige hesabu kidogo. Setilaiti za mawasiliano za aina hiyo hukaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi ni kilomita 72,000 au zaidi. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya, utapata kama robo ya sekunde. Moto uliovuka bahari kwa kupepesa jicho!

Lakini je, moto ulivuka? Jibu langu ni hapana. Kilichovuka ni habari za moto. Ni kama kumpigia simu shangazi aliye Keroka umwambie, "Washa jiko sasa hivi." Jiko litawaka, na litawaka kwa sababu yako, ila hakuna kaa lililotoka kwako likafika kwake.

Mwaka huo una mambo mawili zaidi ambayo hayafai kusahauliwa. La kwanza, timu ya Kenya haikushiriki Montreal. Nchi zaidi ya ishirini za Afrika ziligoma kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na bado ikaruhusiwa kushiriki Olimpiki. Habari za moto zilipita angani kwa robo ya sekunde, na vijana wetu waliofanya mazoezi miaka minne hawakukimbia hata hatua moja. Sisemi mgomo ulikuwa makosa. Nasema ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa na wakimbiaji.

La pili ni kichekesho chenye funzo. Michezo ikiendelea, mvua kubwa ilinyesha Montreal ikauzima moto uwanjani. Mfanyakazi mmoja akachomoa kiberiti chake cha gesi, kile cha kuwashia sigara, akauwasha. Wakubwa walipopata habari waliuzima moto ule, wakauwasha upya kutoka kwa mwali wa akiba uliotoka Olympia. Hebu fikirini. Kwa macho, mioto hiyo miwili ilifanana kama shilingi kwa ya pili. Joto lilikuwa lile lile. Kwa nini basi wajisumbue? Kwa sababu walichokithamini ni ule mfululizo wa mikono kutoka Olympia, ambao kiberiti cha gesi kilikuwa kimeukata.

4. NJIA YA PILI: KUBEBA MWENGE USIOWAKA (1996, 2000 NA 2013)

Mwezi wa Juni 1996, kabla ya Michezo ya Atlanta, chombo cha Kimarekani kiitwacho Columbia kilipaa kikiwa na mwenge wa Olimpiki ndani yake. Mwezi wa Mei 2000, kabla ya Michezo ya Sydney, chombo kingine, Atlantis, kilifanya vivyo hivyo. Mienge yote miwili haikuwa imewashwa.

Safari iliyovuma zaidi ni ya Warusi. Tarehe 7 Novemba 2013 roketi ya Soyuz iliondoka Baikonur, Kazakhstan, na wanaanga watatu: Mikhail Tyurin wa Urusi, Rick Mastracchio wa Marekani na Koichi Wakata wa Japani. Walibeba mwenge wa Michezo ya majira ya baridi ya Sochi. Walipofika kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kiasi cha kilomita 400 juu yetu, waliukabidhi kwa wenzao. Tarehe 9 Novemba Oleg Kotov na Sergey Ryazansky wakatoka nje ya kituo wakiwa wameushika, wakapokezana huku dunia inazunguka chini yao. Kituo hicho huizunguka dunia kwa takriban dakika 90, kwa mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa. Tarehe 11 Novemba mwenge ukarudi duniani pamoja na wanaanga wengine watatu.

Huo nao haukuwashwa hata dakika moja. Wakati ule ule moto halisi ulibaki ardhini Urusi, ukiendelea na safari yake. Kwa hiyo magazeti yaliyotangaza kwamba moto wa Olimpiki umefika angani yalikosea neno. Uliofika ni mwenge. Na hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotufaa. Mwenge ni kile kijiti au chombo kinachoshika moto. Moto ni ile kazi inayofanyika juu yake. Lugha imetupa maneno mawili. Ya nini kuyachanganya?

5. KWA NINI HAUKUWASHWA?

Wapo watakaosema wanaanga walikuwa waoga. La hasha. Sababu zipo, na ni nzito.

Kwanza, nje ya kituo hakuna oksijeni, kwa hiyo mwenge wa kawaida hauwezi kuwaka hata ukibembelezwa.

Pili, ndani ya kituo oksijeni ipo, lakini ni ile ile wanayovuta watu, na mlango wa kukimbilia haupo. Tarehe 27 Januari 1967 wanaanga watatu wa Marekani, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, walifariki kwa moto ndani ya chombo cha Apollo 1. Chombo kilikuwa bado ardhini, katika mazoezi. Kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu, na mlango wake haukuweza kufunguliwa upesi. Mwezi wa Februari 1997 moto ulizuka ndani ya kituo cha Kirusi kilichoitwa Mir, kukiwa na watu sita. Mtambo wa kutengeneza oksijeni ndio ulioshika moto. Walivaa barakoa, wakapambana nao katika moshi mzito, na Mungu akawanusuru.

Wanafunzi wenzangu, sisi tunaolala bweni hatuhitaji kwenda angani ili tuelewe maana ya moto ndani ya chumba kilichofungwa. Mwezi wa Machi 2001 wavulana 67 waliangamia katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwezi wa Septemba 2024 watoto 21 walipoteza maisha bwenini huko Endarasha, Nyeri. Kila ninaposoma habari za Apollo 1 na mlango wake, nawakumbuka hao. Mwanaanga anayekataa kuwasha mwenge ndani ya kituo ana busara kuliko mwanafunzi anayeficha mshumaa chini ya kitanda ili asome usiku. Mwenye masikio na asikie.

Tatu, moto wenyewe hubadilika umbo. Huku kwetu hewa iliyopashwa moto huwa nyepesi, ikapanda, na hewa mpya ikaingia kutoka chini. Ndio maana mwali una ncha juu kama jani. Kule kituoni vitu vyote vinaelea. Msidhani kwamba mvuto wa dunia umekwisha. Katika urefu ule bado upo karibu asilimia 90. Ila kituo na vyote vilivyomo vinaanguka pamoja kuizunguka dunia, kwa hiyo hakuna juu wala chini, na hewa ya moto haipandi. Mwaka 1992 mishumaa iliwashwa kwa majaribio ndani ya Columbia, katika kisanduku kilichofungwa. Miali yake ilikuwa midogo, ya buluu, na ya mviringo kama tufe. Chombo kilichobeba mwenge uliozimwa mwaka 1996 kilikuwa kimekwisha kubeba mshumaa uliowaka miaka minne kabla yake!

6. MAWAZO YETU YA AJABU AJABU

Katika chama tulikusanya mawazo kwenye vikaratasi. Nimechagua manne yanayostahili kupimwa.

(a) Kioo cha bakuli. Mwenzetu alipendekeza tusibebe moto kabisa, bali tubebe kioo kama cha Olympia tuwashe huko huko. Wazo zuri. Jua la angani halina mawingu, na kila mita moja ya mraba hupokea takriban wati 1,360. Joto tutalipata bila shida. Kitakachokosekana ni oksijeni. Lazima mwenge ubebe oksijeni yake ndani ya mafuta yake. Jambo hilo linawezekana: mwaka 2000 mwenge wa Sydney uliwaka chini ya bahari, kwenye matumbawe ya pwani ya Australia, kwa sababu ulitengenezwa hivyo. Lakini moto wa kioo kipya ni moto mpya. Mfululizo wa mikono kutoka Olympia umekatika, kama kwa kile kiberiti cha gesi.

(b) Mwali ndani ya chupa. Washa koroboi ndogo Olympia, uifunge ndani ya chupa nene yenye oksijeni yake, uipeleke juu. Jaribio la 1992 linaonyesha kwamba moto ndani ya kisanduku unawezekana kwa muda mfupi. Taabu ni safari. Kutoka Olympia hadi kituoni ni siku nyingi, na kila saa moto unakula mafuta na hewa. Tena roketi inapopaa hutikisika kwa nguvu. Ni nani atakubali kuketi kando ya chupa hiyo?

(c) Kaa la moto ndani ya jiwe la Tabaka. Hili lilishangiliwa sana, na si ajabu, maana ni letu. Jiwe la sabuni huvumilia joto na hulishika kwa muda mrefu. Mwenye wazo alisema tuchonge chungu kidogo chenye kifuniko, tutie kaa, tulifunike kwa jivu kama walivyofanya wazee. Kaa halina ndimi na halihitaji hewa nyingi. Lakini jamani, jivu litakaa wapi mahali ambapo vitu vinaelea? Litajaa chomboni, liingie machoni na mitamboni. Na kuna hatari kubwa zaidi: kaa linalowaka kwa hewa haba hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo gesi inayoua watu wanaolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa majira ya baridi. Wazo hili nalipenda, ila silipeleki angani.

(d) Moto uwashe roketi. Hili ndilo lililoniacha mdomo wazi. Dada mmoja wa Kidato cha Kwanza aliandika: "Kwa nini tuubebe moto? Moto utubebe." Fikirini vizuri. Roketi ya Soyuz huunguza mafuta ya taa kwa oksijeni iliyopozwa ikawa kimiminika. Huwashwa kwa vijiti vya mti vyenye baruti vinavyoingizwa ndani ya injini, mfano wa njiti kubwa za kiberiti. Kumbe moto mkubwa kuliko wote ulikuwa chini ya mwenge uliozimwa! Kama vijiti hivyo vingewashwa kwa moto wa Olympia, moto huo ungeinua mwenge hadi angani kwa muda wa dakika tisa hivi. Hakuna mtu anayeweza kusimama pale na mwenge mkononi, kwa hiyo tungelazimika kutumia ishara kama ya Montreal. Na ukifika juu, injini inazimwa. Hata hivyo, kati ya mawazo yote hili ndilo pekee ambalo moto wenyewe unafanya kazi njia nzima.

Nami naongeza kijineno. Mwenzetu huyo akitaka kujua roketi yake ingeondokea wapi, nchi yetu imewahi kuwa mlango wa anga. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ya kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Pwani ile iko karibu na ikweta, mahali ambapo dunia inayozunguka huisukuma roketi bure kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10 tu, iliachiliwa kutoka kituo kile kile ambacho mwenge wa Sochi ulitembelea. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyorushwa kutoka Marekani. Basi tusizungumze habari za anga kama watu wanaochungulia harusi ya jirani kupitia ua.

7. UAMUZI WANGU

Sasa turudi kwenye swali. Moto wa Olimpiki umewahi kufika angani? Nasema hivi: mwaka 1976 habari za moto zilifika. Mwaka 1996, 2000 na 2013 mwenge ulifika. Moto wenyewe, ule uliotoka Olympia bila kukatika, haujafika. Aliyesema umefika alikosea neno, na aliyesema hakuna kilichofika alikosea pia.

Je, kupeleka mwenge usiowaka ni mchezo wa kuigiza? Wengi Ijumaa ile walisema ndiyo. Mimi nasema hapana, na ushahidi wangu ni kile kigae cha nyanya. Anayekwenda kuomba moto huondoka nyumbani na kigae kitupu. Hakuna aliyemcheka kwa utupu wa kigae chake, kwa sababu kila mtu alijua kwamba kigae kiko safarini na kwamba moto unalindwa mahali salama ukikisubiri. Mwenge uliozimwa angani ni kigae hicho. Moto uliachwa ardhini ndani ya taa zake, watu wakapokezana mwenge kule juu, kisha ukarudi nyumbani kwenye moto. Mikono haikukatika. Tumeona katika kisa cha Montreal kwamba mikono ndiyo inayothaminiwa.

Kosa lingekuwa kudanganya. Kigae kitupu kinachobebwa kwa madaha huku mbebaji akipiga kelele kwamba amebeba moto, hicho ndicho kichekesho. Tuite mwenge mwenge, na moto moto. Na tukitaka siku moja moto wenyewe upande, tuutafutie njia ambayo haitamfungia mtu yeyote ndani ya chumba kisicho na mlango.

8. ZOEZI

Fanya jaribio hili maabarani tu, mwalimu akiwapo, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Gandisha kipande kifupi cha mshumaa chini ya chombo cha plastiki ngumu kinachopitisha mwanga, chenye kifuniko. Washa, funika, kisha kiachie kianguke kutoka mita mbili juu ya sponji nene. Kitaanguka kwa sekunde 0.6 hivi. Zima taa za chumba mtazame mwali unapoanguka. Mtaona unafifia na kupoteza ncha yake, na pengine utazimika.

Kisha mjibu maswali haya:

1. Kwa nini mwali ulipoteza ncha yake ulipokuwa ukianguka?
2. Eleza tofauti kati ya mwenge, moto, mwali na kaa. Tunga sentensi moja kwa kila neno.
3. "Moto uliowashwa kwa leza huko Ottawa ulikuwa moto wa Olympia." Jadili.
4. Bweni lenu lina milango mingapi, na mingapi inafunguka usiku kutoka ndani? Ukaguzi ufanywe leo, wala usingoje kesho.

MSAMIATI

Kigae: kipande cha chungu kilichovunjika.
Kimiminika: kitu kinachotiririka kama maji.
Koroboi: taa ndogo ya mafuta isiyo na kioo.
Mvukuto: chombo cha mhunzi cha kupulizia moto.
Mwanaanga: mtu anayesafiri katika anga za juu.
Tufe: umbo la mviringo pande zote, kama mpira.

 Wenye hoja za kunipinga nawakaribisha ukumbini, na waje wamejiandaa.